155.52: Namba iliyozaliwa na ugomvi



Leo tuzungumze namba. Najua wengi wenu hesabu mliiacha kidato cha nne na hamtaki kuisikia tena, lakini vumilieni kidogo. Namba yenyewe ni 155.52. Ukikaa na mafundi wa mitandao ya faiba, hasa wale wa zamani kidogo, utawasikia wakitaja "STM-1" kama vile wanataja debe la mahindi. STM-1 moja ni megabiti 155.52 kwa sekunde.

Swali langu lilikuwa la kitoto. Kwa nini isiwe 150? Kwa nini isiwe 100, namba iliyonyooka ambayo hata muuza vocha angeielewa? Nani alikaa kitako akachagua nukta hamsini na mbili?

Nimelifuatilia swali hili kwa muda, na jibu limenifurahisha kuliko nilivyotarajia. Nyuma ya nukta hiyo kuna nusu karne ya historia, pande mbili za dunia zilizokuwa haziongei lugha moja, na sauti ya binadamu. Na kuna somo la pesa ndani yake: mtu anayegeuza kipimo kuwa kipimo kingine bila kujua kilikotoka atapunjwa, au atawapunja wengine bila kujua. Sisi waandishi tumo katika kundi hilo la pili.

SAUTI MOJA NI NGAPI?

Tuanze na simu. Simu ya mezani haikuwahi kubeba sauti yote ya mtu. Wahandisi waliamua kwamba mitetemo kati ya hertz 300 na 3,400 inatosha watu wawili kuelewana, mengine yote yakatupwa. Ndiyo maana mtu unayemfahamu vizuri akikupigia kwa simu hiyo husikika kama anaongelea ndani ya kopo.

Mwaka 1938, Mwingereza Alec Reeves, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya kampuni ya ITT mjini Paris, aliomba hataza ya Ufaransa kwa wazo la ajabu kwa wakati ule. Badala ya kutuma wimbi la sauti lenyewe kwenye waya, lipime wimbi hilo mara nyingi kila sekunde, kila kipimo ukiandike kama namba, kisha tuma namba. Anayepokea atazichukua namba na kulijenga wimbi upya. Enzi hizo za vali za kioo, vifaa vya kufanya kazi hiyo vilikuwa ghali mno. Wazo likalala mpaka transista ikaja.

Je, upime mara ngapi? Kanuni inasema upime angalau mara mbili ya mtetemo wa juu kabisa unaotaka kuuhifadhi. Wakaacha nafasi kidogo, wakahesabu hertz 4,000, mara mbili yake ni 8,000. Kwa hiyo vipimo 8,000 kila sekunde. Kila kipimo kikaandikwa kwa biti 8. Chukua kikokotoo cha simu yako: 8,000 mara 8 ni 64,000.

Hiyo ndiyo sauti moja: kilobiti 64 kwa sekunde. Ikumbuke namba hii, maana haitatuacha mpaka mwisho. Waliotumia intaneti ya kupiga simu watakumbuka modemu za 56k. Nazo zilitoka humu humu: njia ya simu ilikuwa na vipimo 8,000 kwa sekunde, lakini biti ya nane ya kila kipimo haikuweza kutegemewa kwa data. Saba mara 8,000 ni 56,000. Na wale waliokodi laini za intaneti za 64k, 128k, 256k na 512k, mlikuwa mnakodi sauti moja, mbili, nne au nane za simu, zikiwa zimevalishwa nguo za kompyuta.

MAREKANI 24, ULAYA 30

Mwaka 1962 kampuni ya Bell nchini Marekani ilianza kutumia mfumo wa T1 kibiashara. Walikuwa na nyaya za shaba tayari zimefukiwa chini ya miji yao, na kila baada ya kama futi 6,000 kulikuwa na chemba ambamo koili za laini za simu zilikaa. Wakasema, tukiweka vifaa vya kuamsha mawimbi ndani ya chemba hizo hizo, waya huu utabeba kiasi gani? Jibu lilikuwa kama megabiti moja na nusu. Wakapanga sauti 24 kwa pamoja. Ishirini na nne mara biti 8 ni 192, wakaongeza biti 1 ya kuwekea mpango, ikawa 193. Mara 8,000 kwa sekunde unapata 1,544,000. Hiyo ndiyo T1: megabiti 1.544. Ilipimwa na chemba za barabarani!

Wazungu wa Ulaya walipopanga wao, hawakufuata. Walichukua vyumba 32, kila kimoja kilobiti 64. Chumba kimoja kikawa cha kulinganisha saa, kingine cha ishara za simu (nani anapiga, nani amekata), vikabaki 30 vya sauti. Thelathini na mbili mara 64,000 ni 2,048,000. Hiyo ni E1: megabiti 2.048. Japani walianza na 24 kama Marekani, halafu ngazi za juu wakajipangia za kwao. Sisi Afrika Mashariki tuliingia upande wa Ulaya, na kwa miaka mingi ofisi yenye "E1 yake" ilionekana tajiri.

Unaweza kudhani tatizo ni dogo. Ni kama saa ya Kiswahili na saa ya Kizungu, unaongeza sita au unatoa sita, maisha yanaendelea. Hapana. Ngazi zilizofuata zilikataa hata kuzidishika. Nne za E1 zingepaswa kuwa megabiti 8.192, lakini ngazi ya pili ya Ulaya ni 8.448. Ya tatu ni 34.368, ya nne ni 139.264. Kule Marekani, T1 28 zingekuwa 43.232, lakini T3 inayozibeba ni 44.736.

Hiyo ziada inatoka wapi? Inatoka kwenye saa. Kila mashine ilikuwa na saa yake, na hakuna saa mbili zinazokwenda sawa kabisa. Moja ikiwahi kidogo na nyingine ikichelewa kidogo, huwezi kuzipanga pamoja bila kuacha nafasi ya kujazia. Kwa hiyo kila ngazi iliongezwa biti za kujazia, kama muuza vyombo anavyoweka nyasi kati ya sahani ili zisigongane.

Na nyasi hizo zilikuwa na gharama. Fikiria lori linatoka Dar kwenda Mbeya, limebeba maboksi yaliyowekwa ndani ya maboksi, yaliyowekwa ndani ya maboksi mengine. Ukitaka kushusha boksi moja dogo Morogoro, inabidi ufungue yote, utoe lako, ufunge yote tena, ndipo lori liendelee Iringa. Ndivyo ilivyokuwa kutoa E1 moja kwenye mkondo wa megabiti 139. Kila mji uliopitiwa ulihitaji rundo la mashine za kufungua na kufunga.

FAIBA INAKUJA, NA KILA MTU NA LAKE

Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham, wakiwa Uingereza, walionyesha kwamba uzi wa kioo safi unaweza kubeba mawasiliano ya mbali. Mwaka 1970 Corning ya Marekani ikatengeneza uzi uliotimiza kiwango walichokitaja. Mwaka 1977 simu za kweli zilianza kupita kwenye faiba huko Marekani. Mwaka 1988 mkongo wa TAT-8 ukavuka Atlantiki, wa kwanza wa faiba katika bahari ile, kila jozi ya nyuzi ikibeba megabiti 280. Kao alikuja kupewa Nobel mwaka 2009. Kumbuka mwaka huo, una maana kwetu pia.

Sasa tabu. Tarehe 1 Januari 1984 dola ya simu ya AT&T ilivunjwa kwa amri ya mahakama. Ghafla simu ya Mmarekani mmoja ilianza kupita kwenye kampuni mbili au tatu tofauti. Lakini kila kiwanda kilikuwa na mfumo wake wa faiba, na kasi yake, na mpangilio wake. Ukinunua mashine ya upande huu kwa mtengenezaji fulani, ya upande wa pili lazima iwe yake pia. MCI na wenzake waliotaka kuunganisha nyuzi zao na za wengine katikati ya njia wakalalamika.

Mwaka 1985 Bellcore, taasisi ya utafiti ya makampuni ya simu yaliyozaliwa na kuvunjwa kule, ilileta pendekezo lililoitwa SONET. Wazo lilikuwa rahisi: mtandao wote ufuate saa moja, halafu tupange kila kitu kwa kuzidisha tu, bila nyasi za kujazia kila ngazi. Kipimo cha msingi kilikaribia megabiti 50, kwa sababu ilibidi T3 yao ya 44.736 itoshe ndani.

Lakini Ulaya nao walikuwa na mzigo wao wa 139.264, na 50 haikuwatosha. Walitaka kama 150. Haya, tatu za 50 ni 150, hapo walielewana. Ugomvi ukawa kwenye umbo la fremu, yaani lile jedwali la baiti linalotumwa mara 8,000 kila sekunde. Wamarekani walipendekeza jedwali la mistari 13 na safu 180, ambalo ni megabiti 149.76. Waulaya wakasema hapana, tunataka mistari 9 na safu 270.

Kwa nini watu wazima wagombane kuhusu 13 na 9? Hapa ndipo nilipowaheshimu wahandisi. Jedwali likiwa na mistari 9, safu 3 zinakupa baiti 27, na T1 yenye baiti 24 na kidogo inaingia humo na nafasi ya usimamizi inabaki. Safu 4 zinakupa baiti 36, na E1 yenye baiti 32 inaingia vilevile. Jedwali moja, Mmarekani anachukua safu 3, Mwulaya anachukua safu 4, na wote wanakaa meza moja. Mistari 13 haikumkaa vizuri mtu wa E1.

Wamarekani walikuwa karibu kumaliza kanuni yao, na kubadili kulimaanisha kurudi nyuma. Mwanzoni mwa 1988, katika mkutano wa CCITT (leo ITU-T) mjini Seoul, walikubali mistari 9. Kipimo chao cha msingi kikapanda kutoka 49.92 hadi 51.84. Mwaka huo huo kanuni ya kimataifa ikapitishwa kwa jina la SDH.

Sasa rudi kwenye kikokotoo chako. Mistari 9 mara safu 270 ni baiti 2,430. Kila baiti inatumwa mara 8,000 kwa sekunde, yaani kilobiti 64, sauti moja ya simu. 2,430 mara 64,000 ni 155,520,000.

Hiyo ndiyo 155.52. Ni hati ya mapatano, iliyoandikwa kwa tarakimu.

JINSI YA KUGEUZA BILA KUUMIA

Baada ya Seoul hesabu ikawa nyepesi. Wamarekani wanahesabu kwa OC, kila OC moja ni 51.84. Sisi wengine tunahesabu kwa STM, kila STM moja ni 155.52. Gawanya OC kwa 3 upate STM:

OC-3 = STM-1 = megabiti 155.52
OC-12 = STM-4 = megabiti 622.08
OC-48 = STM-16 = gigabiti 2.48832
OC-192 = STM-64 = gigabiti 9.95328
OC-768 = STM-256 = gigabiti 39.81312

Mtego wa kwanza uko hapo hapo. Mtu akiona "OC-48" kwenye taarifa ya Kiingereza, akaandika "STM-48", ameuongeza mtandao mara tatu kwa kalamu tu.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi, na unahusu pesa. Nikuulize: STM-1 moja inatoa E1 ngapi? Ukigawanya 155.52 kwa 2.048 unapata karibu 76. Jibu sahihi ni 63. E1 zaidi ya 12 zimekwenda wapi? Zimekwenda kwenye lile jedwali: safu za usimamizi, baiti za kulinda na kuelekeza, nafasi zinazobaki ndani ya vifuko. E1 63 ni megabiti 129.024 tu. Ni kama kununua gunia ukalipia na uzito wa gunia lenyewe. Sisi tumezoea lumbesa, ambapo mkulima ndiye anayepunjwa kwa gunia lililojazwa kupita mdomo. Huku ni lumbesa iliyogeuzwa kichwa chini, mnunuzi anahesabu 155 na anapata 129. Hakuna aliyemdanganya, kama alijua kuuliza. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mtego wa tatu mnaujua: biti na baiti. Kampuni zinauza kwa biti, kompyuta yako inaonyesha baiti, na nane za kwanza ni moja ya pili. STM-1 nzima ni megabaiti 19.44 kwa sekunde. Herufi b ikiwa ndogo au kubwa, tofauti ni mara nane.

2009 KWETU

Nilisema mkumbuke 2009. Kabla ya mwaka huo, Kenya na Tanzania hazikuwa na mkongo wa kimataifa wa faiba baharini. Tulitegemea setelaiti, na tulihesabu kwa kilobiti, ndiyo maana kahawa za intaneti zilizungumzia 64k na 128k wakati wenzetu wanazungumzia STM. Tarehe 23 Julai 2009 SEACOM ikazinduliwa. Mwaka huo huo mkongo wa TEAMS ukaiunganisha Mombasa na Fujairah, na mwaka 2010 EASSy ikafuata. Tukaruka kutoka kuhesabu sauti moja moja mpaka kuhesabu STM-1.

SEACOM ilitangazwa kuwa na uwezo wa terabiti 1.28. Hiyo ni STM-1 ngapi? Ukigawanya moja kwa moja kwa 155.52 unapata 8,230. Lakini ukichukua mafungu 128 ya "10G", na kila fungu likawa STM-64, unapata 128 mara 64, yaani 8,192. Tofauti ni STM-1 38. Kila moja ya hizo 38 ina E1 63, na kila E1 ina sauti 30. Hizo ni sauti 71,820 zilizopatikana au kupotea kwa sababu mtu alizungusha 9.95328 kuwa 10.

10G IPI?

Na neno hilo "10G" ndilo linaloninyima usingizi, maana linakuja kwenye taarifa za kampuni karibu kila mwezi. Itheneti, ule mtandao wa maofisini, ulikuwa na ukoo mwingine kabisa. Wao walizidisha kwa kumi tu: 10, 100, 1,000. Mwaka 2002 wakafika gigabiti 10, na hapo ndugu wawili wasiofahamiana wakakutana mlangoni. Gigabiti 10 kamili haziingii kwenye STM-64 ya 9.95328! Ikabidi zitengenezwe Itheneti mbili. Moja ni ya gigabiti 10 kamili, ambayo kwenye waya inakimbia kwa 10.3125 kwa sababu ya biti za usimbaji. Nyingine ilipunguzwa ili iingie kwenye mtandao wa simu, mzigo wake ukawa 9.58464. Halafu kuna kanuni ya OTN ya 2001, inayoifunga STM-64 pamoja na biti za kusahihisha makosa, ikawa 10.709.

Hesabu mwenyewe: 9.58464, 9.95328, 10, 10.3125, 10.709. Zote fundi atakwambia "ni 10G", na hatakuwa amesema uongo. Kwa hiyo siku hizi nikiambiwa 10G nauliza swali moja tu: ni kasi ya waya au ni mzigo anaoupata mteja? Mara nyingi kimya kinachofuata ni habari nzuri kuliko taarifa yenyewe.

Itheneti imeshinda, tukubali. Mitandao ya SDH inazimwa taratibu, na mtoto anayesomea mitandao leo anaweza kumaliza chuo bila kugusa STM-1. Mnaweza kuniuliza, sasa kwa nini umetuchosha na haya yote?

Kwa sababu namba haijafa, imejificha. Chukua OTN ya gigabiti 100, mfumo unaobeba trafiki ya mabara. Ndani yake kuna kasi ya msingi ambayo vingine vyote vinahesabiwa kutoka kwayo: gigabiti 99.5328. Igawanye kwa 155.52. Unapata 640 kamili, bila nukta. Igawanye tena kwa kilobiti 64 ya sauti moja. Unapata 1,555,200 kamili. Video zote, miamala yote ya simu, vichekesho vyote vya WhatsApp vinavyopita humo vinabebwa kwa kipimo kilichokatwa ili watu wawili wasikilizane kwenye simu ya mezani.

Haba na haba hujaza kibaba, na wahenga walijua kwamba kwanza lazima mkubaliane kibaba ni kiasi gani. Kilichonigusa zaidi katika habari ya Seoul ni kwamba aliyekuwa mezani siku ile ndiye ambaye safu zake ziliachiwa nafasi. T1 ilipata tatu, E1 ikapata nne. Sisi tulipokea jedwali likiwa limeshachorwa, na bahati yetu ilikuwa kwamba tulishaingia upande wa E1. Vipimo vingine vinapangwa hivi sasa, katika mikutano yenye majina ya kuchosha ambayo hakuna mhariri atakayekutuma. Ningependa siku moja niandike kwamba mtu wetu alikuwepo chumbani na alisema "tisa, sio kumi na tatu".

Wenye uzoefu wa enzi za E1 na setelaiti, karibuni mtuongezee. Na mkiletewa mkataba wenye "10G", mnajua la kuuliza.

Alamsiki.